Msiite muujiza: niliyosema Malaba siku ya kuwapokea wasichana

Watu wengi wameniomba niandike yale niliyosema Jumamosi tulipowapokea wasichana wetu wa basketi na kombe lao hapa Malaba, mpakani mwa Uganda na Kenya, maana genereta ilikuwa ikikohoa spika zinazima, na waliokaa nyuma karibu na masufuria walisikia "Milan" na "pilau" tu. Basi nimeandika vile nakumbuka. Niliongea bila karatasi, msitafute mpangilio.

Yoga noi! Haya. Mwenyekiti wa LC, yaani serikali yetu ya mtaa, madam hedi, walimu, wazazi, mzee wetu fundi wa kuchomelea nakuona umejificha huko nyuma, na nyinyi madereva mlioacha magari kwa foleni mkaja kukaa na sisi, karibuni sana. Nitaongea Kiswahili, maana nikisema Kiteso Wajapadhola watanuna, nikisema Kidhopadhola Wasamia watatoka, na Luganda yangu mnaijua ni ya kununua nyanya. Zamani ukiongea Kiswahili kule Kampala mtu anashika mfuko wake, anafikiri wewe ni askari ama mwizi, lakini sisi hapa mpakani ndiyo lugha imetulisha tangu enzi za zile baiskeli za boda boda, so tuendelee nayo.

Emsii amesema "muujiza" mara tatu, nimehesabu kwa vidole. Mchungaji amesema mara moja lakini kwa sauti kubwa. Mimi siwezi kubishana na mchungaji kabla ya chakula, ila hilo neno leo nalikataa, na sababu nitasema, lakini kwanza nipitie Marekani kidogo. Msiogope, narudi.

Kuna kamji kanaitwa Milan, jimbo la Indiana. Siyo ile Milan ya Italia, hawa wenyewe wanatamka Mailan. Mwaka 1954 kalikuwa na watu kama 1,150, yaani foleni ya kugonga pasipoti hapa wiki ya Krismasi inaweza kuwashinda. Shule yao ya sekondari ilikuwa na wanafunzi 161. Wote hao, wavulana na wasichana. Na Indiana wakati huo hakuna kugawa eti shule kubwa zicheze huku na ndogo huku (hiyo walikuja kuanza baada ya 1997), mashindano ya basketi ni moja, shule 751 zinaingia, ukipigwa mara moja umebeba mabegi yako. Fainali wakakutana na Muncie Central, shule yenye wanafunzi karibu mara kumi yao na ilikuwa imeshachukua ubingwa wa jimbo mara nne.

Tarehe 20 Machi 1954, ukumbi wa chuo cha Butler pale Indianapolis, watu kama 15,000 ndani. Mpaka mapumziko Milan wako mbele 23-17. Robo ya tatu Muncie wakarudi ikawa 26-26, alafu Muncie wakapita, 28-26. Sasa hapa nisikilizeni, hata wewe unayechungulia sufuria. Uko nyuma kwa pointi mbili, ni robo ya mwisho ya fainali, ungefanya nini? Ungekimbia. Ungetupa mpira kama mtoto anarushia embe mawe. Kocha wao, kijana wa miaka 26 jina lake Marvin Wood, akaamua washike mpira. Kijana mmoja anaitwa Bobby Plump akasimama nao. Hadribo, hapigi pasi, hatupi. Amesimama tu na mpira mkononi dakika 4 na sekunde 13. Siku hizo hakukuwa na saa ya kuhesabia shambulizi kama hii yetu ya sekunde 24, kwa hiyo refa hana la kusema, na Muncie wanaongoza hawana haraka ya kumfuata. Watu elfu kumi na tano wanatazama mtu amesimama.

(Hapa niliwaambia watu wote tunyamaze nusu dakika tuonje hiyo kitu inakuwaje. Hatukufika sekunde kumi. Simu ikalia, mtoto akaanza kulia, na dereva mmoja akauliza kwa sauti kama kuna mtu amekufa.)

Mmeona? Nusu dakika tu imewashinda na hakuna hata mtu anawakaba. Yule alifanya nne na zaidi, akiwa nyuma, mbele ya jimbo zima. Alafu mwisho akatupa na akakosa! Ndiyo, baada ya kungoja kote huko mpira ukamkataa. Lakini Milan wakaupata tena wakasawazisha, wakapita, Muncie nao wakasawazisha, 30-30, zimebaki sekunde 18 wakaita taimauti. Senta wao, yaani yule anayetakiwa kuwa mrefu kuliko wote, Gene White, futi 5 na inchi 11 tu, senta gani huyo, akasema sisi wengine wote tuhame upande mmoja tumwachie Plump na mtu wake. Kumbuka Plump jioni hiyo alikuwa amekosa sana. Hakuna aliyesema mpeni mwingine. Akangoja, akamdanganya beki, akaruka. 32-30.

Kesho yake watu kama 40,000 wakamiminika kwenye kamji ka watu elfu moja na kitu. Na mpaka leo wenyewe wanaita Muujiza wa Milan.

Wananiudhi hapo. Kwa sababu ukitazama nyuma kidogo unakuta 1953 hao hao, karibu timu nzima, walishafika nusu fainali ya jimbo wakapigwa. Unakuta wanne kati yao wametoka kijiji kimoja, Pierceville, ambacho hata Milan wanakiona kidogo, na wamecheza pamoja tangu wanavaa kaptula. Unakuta kocha alisoma chuo hicho hicho cha Butler chini ya kocha mzee Tony Hinkle, na ile mambo ya kushika mpira ilikuwa na jina kabisa, paka na panya, walikuwa wanaifanyia mazoezi. Muujiza uko wapi hapo? Watu walikuja kuona sekunde za mwisho wakafikiri ndiyo zote.

Na muujiza hauna deni. Hiyo ndiyo shida yangu na hilo neno. Mungu akishusha mvua hakuna mtu anakuja kukudai pesa ya mvua. Mkisema hawa wasichana wameshinda kwa muujiza, basi tunakula pilau, tunapiga makofi, tunaenda nyumbani, hakuna mtu anadaiwa kitu. Mimi leo nimekuja na deni.

Nawauliza, 20 Machi mnaikumbuka siku gani nyingine? Madam hedi anatikisa kichwa, yeye hawezi kusahau. 20 Machi 2020, shule zote Uganda zilifungwa. Zikaja kufunguka kabisa Januari 2022. Hawa mnaowaona hapa na medali wengi wao walikuwa P6 na P7, yaani darasa la sita na la saba, wakakaa nyumbani sehemu kubwa ya hiyo miaka karibu miwili, na hapa kwetu nyumbani maana yake ni barabarani, na barabarani maana yake ni trela. Mnakumbuka ile foleni, madereva wanangoja majibu ya kipimo cha korona siku tatu siku nne, wamelala chini ya matela, wanataka chai, wanataka karanga, wanataka maji ya kuoga, na watoto wetu ndio waliokuwa wanawauzia.

Pale yadi ambapo kontena zilikuwa zinawekwa, kampuni imehama, imebaki sakafu ya simenti imepasuka katikati. Masharti yalipolegea nikaanza kuona wasichana wanakaa pale na mabeseni yao ya karanga kichwani jua likiwapiga. Mimi nilicheza basketi sekondari, sikuwa mzuri, nilikuwa mrefu tu. Nikaenda kwa mzee wetu fundi nikamwambia nichomelee ringi. Akauliza upana, nikamwambia sentimita 45. Akasema sawa. Mzee futi yake ilikuwa imepotea, akachukua karai la kuchanganyia simenti, akakunja nondo kulizunguka, akachomelea, akanipigia simu kazi imeisha.

Tukaifunga juu mita 3.05, hiyo nilipima mwenyewe na kamba. Wasichana wanatupa, hauingii. Wanatupa, hauingii. Wiki ya pili ndiyo nikapanda ngazi na futi. Sentimita 38! Mzee usijifiche, simama wakuone. Ringi ilikuwa nyembamba kuliko dunia nzima na mimi nimekuwa nikiwafokea watoto.

Tungeibadilisha lakini pesa hakuna. Ikabaki. Na kwa ringi ya hivyo mpira ukija bapa unagonga chuma unarudi kukupiga, lazima uupandishe juu sana ushuke kama embe lililoiva. Hao wasichana wakajifunza kupandisha. Miaka minne baadaye tunaenda kucheza kwenye viwanja vya watu wenye ringi halali, namba 11 akaniangalia akaniambia, mwalimu hii kitu mbona imekuwa kubwa hivi? Namba 11, nimesema uwongo? Haya.

Mpira wenyewe wa kwanza uliletwa na dereva wa kutoka Mombasa, alikuwa amekunywa chai ya mkopo wiki nzima akiwa kwa foleni, safari iliyofuata akaleta mpira kulipa deni. Huo mpira umezibwa na kijana wa kuziba matairi hapo stegi mara sita, mpaka ukawa na uzito upande mmoja, ukiudribo kwa kulia unakimbia. Ndiyo maana wote wana mkono wa kushoto mzuri, watu wa magazeti wanaweza kuandika mbinu, mimi nawaambia ni kiraka. Na Septemba 2021, shule bado imefungwa, dereva Mrwanda akatuweka kumi na wawili mbele ya simu moja yenye kioo kimepasuka, tukaona Silverbacks wetu, timu ya taifa ya Uganda, wanapiga Nigeria 80-68 kule Kigali na kuingia robo fainali ya AfroBasket, ubingwa wa basketi wa Afrika. Kabla ya hapo walikuwa wanafikiri basketi ni mambo yangu na karai la mzee.

Fainali mmeshasimuliwa, sitarudia yote. Niseme tu zile sekunde za mwisho. Tunaongoza kwa moja, wale wengine wana benchi la watu kumi na wawili na viatu vya kufanana, sisi namba zetu tumeandika kwa maka na zingine zimeanza kutoka na jasho, 8 imekuwa 3, refa amelalamika. Namba 7 ana mpira. Wanamfuata wawili. Mimi huko pembeni nimesahau Kiswahili nimesahau Kiteso, napiga kelele tu. Kwenye takisi tukienda nilikuwa nimewapa hii hadithi ya Milan na nikafikiri wamelala. Namba 7 hakukimbia kwenye ringi. Alishika. Anadribo kwa kushoto, anazunguka, wanamfuata, anarudi, mpaka msichana mmoja akachoka akamkamata mkono. Faulo, mitupo miwili. Wa kwanza akakosa. Wa pili aliupandisha juu nikafikiri umepotea gizani, ukashuka haukugusa chuma. Tukashinda kwa mbili kama Milan, na hiyo ni hesabu imekutana tu, mchungaji usianze.

Sasa deni.

Huo mkono wa kushoto wa namba 7 alifundishwa. Yule aliyemfundisha yuko hapa, sitamtaja, amekaa na mtoto wake. Wakati wa yadi yeye ndiye alikuwa bora kuwapita wote, hata mimi alikuwa ananipita nabaki nimeshika hewa. Shule zilipofunguka Januari 2022 wenzake walirudi, yeye hakurudi. Mnajua kwa nini, na wengine hapa mnajua zaidi yangu na mmenyamaza. Kila Jumamosi alikuwa anakuja na mtoto mgongoni, anasimama pale kwenye mstari, anamwambia namba 7, mkono mwingine, mkono mwingine. Hana medali. Medali zilikuwa kumi na mbili, na za kuongeza hawatoi.

Madam hedi tumeongea, amesema mlango uko wazi, arudi S2, yaani sekondari mwaka wa pili. Mlango uko wazi lakini ada haiko wazi. Hiyo ni deni namba moja na sitaki harambee ya kelele, nataka mtu anifuate baada ya chakula.

Deni lingine ni ile yadi. Nimesikia ina mtu anaitaka kwa maegesho. Mwenyekiti, naomba tu uniambie kabla sijasikia kwa tingatinga. Fundi anasema nondo iko na safari hii ana futi.

Na la mwisho. Leo asubuhi gari letu lilipofika tuliambiwa na wakubwa fulani kwamba maandamano yasipite barabara kuu, eti foleni, tuingilie nyuma kwa kichochoro tuishie hapa uwanjani. Tukatii. Mimi nilinyamaza lakini nilikuwa nakumbuka kitu.

Kwenye hiyo safari ya Milan 1954, kabla ya fainali, waliwapiga shule moja ya Indianapolis inaitwa Crispus Attucks, 65-52. Shule ya watoto weusi peke yao, serikali ya mji iliwatenga huko tangu 1927. Jimu yao ilikuwa ndogo hata mechi za nyumbani walikuwa wanacheza kwa watu. Kulikuwa na mtoto mdogo kwenye timu hiyo anaitwa Oscar Robertson, alikuja kuwa nyota mkubwa, wenye kujua basketi mnamjua. Mwaka uliofuata, 1955, Attucks wakachukua ubingwa wa jimbo, na 1956 wakachukua tena bila kupigwa hata mechi moja. Sasa desturi ya bingwa ni gari la zimamoto linawapeleka katikati ya mji, kwenye mnara, watu wanasherehekea hapo. Milan walizungushwa pale. Attucks 1955, ambao ni watoto wa mji huo huo, walipitishwa kidogo tu pale mnarani, alafu gari likakata kona likawapeleka kwenye bustani ya upande wa watu weusi, wasije wakasherehekea katikati ya mji. Hiyo kona Robertson hajaisahau, ameisema akiwa mtu mzima mwenye kila kitu. Mji ulikuja kuwaweka mbele ya maandamano makubwa mwaka 2015. Miaka 60! Wengine walikuwa wameshakufa.

Sisemi hapa ni mambo ya rangi, hapa ni mambo ya trela. Na wasichana wa huko Indiana nao, maana hao wote nimetaja ni wavulana, wao mashindano ya jimbo hawakuwa nayo mpaka 1976, hiyo 1954 walikuwa wanaruhusiwa kushangilia. Hawa wetu hawakuja kushangilia. Mimi sitaki nimwone namba 7 na nywele nyeupe ndiyo anapitishwa barabara kuu.

So nikaenda kuongea na madereva. Siyo wakubwa, madereva. Wale mnaona wamekaa pale na sahani mbili mbili. Wamesema wakimaliza kula wanarudi kwa magari, wanasogeza upande mmoja, wanatuachia laini moja kutoka stegi mpaka darajani. Mwenyekiti uko hapa, afande uko hapa, kama kuna kukataa mnikatae mimi, si watoto.

(Afande alinyanyuka. Nikajua nimekwisha. Akasema, "Nusu saa. Na mimi natangulia.")

Mmesikia. Kuleni haraka.

Hapo ndipo nilimaliza, nyongeza ni hii kwa ambao hamkuwepo. Nusu saa ikawa saa nzima na kitu. Madereva walipiga honi zote pamoja mpaka upande wa Kenya watu wakaja darajani kutazama kuna nini. Kombe lilizunguka mkono kwa mkono, likapoteza sikio moja, fundi anasema atalichomelea Jumatatu. Tulipofika darajani nikatafuta namba 7 nimpige picha akiwa nalo, hakuwa nalo. Alikuwa amebeba mtoto.